Makoti Saba

Jumapili ya kwanza ya Machi. Saint-Gilles, saa tisa mchana.

Mvua ya leo hainyeshi, inaning'inia tu. Tangu asubuhi mji umelowa bila mtu kuona tone likianguka. Nimekaa peke yangu katika chumba cha chama chetu, koti mwilini, miguu imeganda, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Mbele yangu, ukutani, yametundikwa makoti saba. Wenyewe wako hai, wako hapahapa Brussels, na wanajua makoti yao yalipo. Hakuna hata mmoja atakayekuja kulichukua la kwake.

Naogopa. Niandike hivyo kwanza, nisije nikajifanya shujaa huko chini.

Jambo la pili. Mliozoea kusoma shajara hii ya mtandaoni mtaona kuna jina limetoweka. Nilikuwa naliandika karibu kila wiki. Sasa nimelifuta kote, na leo nitamwita Mzee tu. Sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Sisi ni Batwa wa Kivu tunaoishi mji huu. Hatujazi hata basi moja. Wazazi wetu walitolewa msituni, msitu ukawekewa walinzi, wao wakawa vibarua kando ya mashamba ya watu. Baadaye vita, kambi, ndege. Leo wengine wetu wanaogesha wazee wa kizungu, wengine wanasukuma toroli za usafi, wawili watatu wanasoma chuo. Wakongomani wenzetu wakijua kabila letu wanatutazama kuanzia juu mpaka chini, maana wanaamini Mtwa lazima awe mfupi. "Eh, kumbe weye murefu hivi!" Halafu wanacheka, nasi tunacheka nao, kwa sababu sherehe ni ya mtu na chakula kiko mezani. Wengi wetu tukiulizwa tunasema "miye wa Bukavu" na kubadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana tuliunda chama, na ndiyo maana chumba hiki kilikuwa kitu kikubwa. Nyumba ya mtaa, ile ya shughuli za wakazi, ilituazima bure, kwa sharti moja: kitumike kila wiki. Kila Jumamosi tulikunywa chai. Aliyepata barua ya Kiholanzi asiyoielewa aliileta tukaihangaikia pamoja. Watoto walijifunza nyimbo. Mzee aliwachorea miti ambayo hapa haioti, akawataka waseme jina la kila mmoja, na mtoto aliyekosea alipewa biskuti mbili ili akumbuke vizuri wiki ijayo. Hapa ndani hakuna aliyesema "miye wa Bukavu".

Mimi ni katibu. Wananiita maman secrétaire, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka. Mama yangu alitoka msituni akiwa msichana, mimi nikazaliwa Kadutu, mjini Bukavu, katikati ya makelele ya soko. Sijawahi kulala chini ya paa la majani hata usiku mmoja. Msitu nimeujua kwa karatasi: ripoti, fomu, maombi ya mradi. Naweza kuandika "kuhifadhi utamaduni wa mababu" kwa Kifaransa safi, na kurasa tatu za kuendelea. Mama alipokufa nilikuwa tayari Brussels, kwa hiyo hata namna wetu wanavyozika sikuiona.

Kazi yangu ya kuniweka mjini ni usafi, huko Schuman, kwenye jengo la ofisi. Kila ukumbi wa mikutano kule una jina la mtu mashuhuri aliyekufa, limeandikwa kwenye kibao cha chuma karibu na mlango. Nafuta vumbi kwenye majina hayo kila asubuhi kabla wenye tai hawajafika. Miaka sita nafuta. Bila kujua nilikuwa najifunza kitu, na nilichojifunza ndicho kilichotuharibia.

Mzee ndiye pekee kati yetu aliyekuwa mtu mzima kabla ya kufukuzwa msituni. Alijua mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Tangu mwaka jana nilikuwa namrekodi kwa simu, kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi. Nina sauti zake thelathini na moja. Iliyonifurahisha kuliko zote ni mwito wa asali. Mtu akiona nyuki wameingia kwenye shimo la mti, alisema, hali peke yake. Anasimama pale pale na kuwaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti inayopanda na kushuka. Ukisikia jina lako lazima uitike, "Nakuja!", ili aliyekuita ajue uko upande gani.

Siku niliyomrekodi aliwaita waliokuwa wamekaa karibu naye. Wa kwanza Maman Mwamini, aliyekuwa na mto wake wa kukalia na hakuruhusu mtu aukalie. Wa pili Tonton Déo, fundi wetu wa kila kitu. Halafu watano wengine. Wa nane mimi. Wote waliitika kwa kicheko. Mimi sikuitika, kwa sababu nilishika simu na sikutaka kuharibu rekodi. Katibu ni katibu.

Mzee alikufa Jumamosi ya kwanza ya Januari, hapa, kwenye kiti kilicho karibu na kipasha joto. Ilikuwa kati ya chai na nyimbo. Aliweka kikombe chini taratibu, akaegemea ukuta, basi. Hakuna aliyesogea isipokuwa mimi. Nilimfumba macho, nikaita gari la wagonjwa, nikajibu maswali yao yote. Nilipogeuka, chumba kilikuwa kimebaki tupu. Nilidhani wamewatoa watoto wasione.

Sasa nieleze kiherehere changu.

Baada ya mazishi niliagiza kibao cha chuma, kama vile vya Schuman, chenye jina lake lote. Tonton Déo alikuwa na bisibisi lakini alisema mkono unamuuma, nikakifunga mwenyewe mlangoni. Nilikuza picha yake nikaitundika juu ya kiti chake. Kundi letu la WhatsApp nililibadilisha jina, likawa jina lake. Anwani ya barua pepe ya chama, jina lake. Ripoti ya mwaka, ukurasa wa kwanza, jina lake kwa herufi nene. Madame anayesimamia nyumba ya mtaa aliona kibao, akaweka mkono kifuani na kusema ni kitendo kizuri sana. Wenzangu walipokiona walisema, "Aksanti, maman secrétaire." Walisema polepole, wakitazama viatu vyao. Nikadhani ni majonzi.

Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na mmoja. Iliyofuata, wanne. Halafu mimi peke yangu na birika la chai. Mmoja alikuwa na goti, mwingine alipangiwa zamu, tramu ya mwingine ilikatizwa kwa ajili ya matengenezo. Siku moja nikiwa dirishani nilimwona Maman Mwamini akija upande huu wa barabara. Alipokaribia mlango wetu alivuka upande wa pili, akapita ameinamisha kichwa, kisha akavuka tena na kuendelea na safari yake. Nikajiambia labda kuna barafu upande huu.

Katikati ya Februari arobaini ya Mzee ilifika. Niliwapigia simu wale saba waliokuwa karibu naye zaidi, wale wale aliowaita kwenye rekodi. Niliwabembeleza mpaka nikalia kidogo, na nakiri kile kilio kilikuwa cha kuwalazimisha. Walikuja wote. Walitundika makoti yao, wakakaa karibu na mlango, mbali na kile kiti. Tukasali Baba Yetu. Halafu nikasema nina zawadi kwao, nikawasha spika.

Sauti yake ilijaza chumba. Akamwita Maman Mwamini. Akamwita Tonton Déo. Akawaita mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya kupanda na kushuka, na hakuna aliyepumua. Nilifurahi! Nilifikiri wameguswa. Ilipofika zamu yangu, akasema "Riziki", na mimi, nikiwa nimesimama pale na spika mkononi, machozi ya furaha machoni, nilimwitikia kwa sauti kubwa.

"Nakuja, papa!"

Waliinuka. Hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Waliinuka kwa pamoja, wakatoka mmoja mmoja bila kugusa mlango, na nje kulikuwa kunaanguka theluji ya maji. Nilipoona makoti bado yako ukutani nilitoka nikiita, lakini walikuwa wameshafika kwenye kona, saba kwa mstari, na vishati vyao na vitambaa vyao vya sherehe. Hakuna aliyegeuka.

Siku ya kwanza nilisema watarudi jioni. Siku ya tatu nilisema wana haya. Jumapili iliyofuata kanisani nilimwona Tonton Déo amevaa koti la mvua la plastiki juu ya sweta mbili, na mkono wake wa kulia umefungwa plasta ngumu ya mfupa. Aliteleza kituo cha tramu, akaniambia kwa mbali. Maman Mwamini hakuwepo. Ana kifua, walisema. Nilikaa kwenye benchi langu nikaanza kuhesabu, kwa sababu mimi ni mtu wa orodha. Wa kwanza Mwamini. Wa pili Déo. Nikajisema acha ujinga, Februari ni Februari na barafu ni barafu. Lakini sikuweza kuacha kuhesabu mpaka misa ikaisha.

Alhamisi wiki hii nilitoka kazini moja kwa moja nikaja hapa, nikatoa koti la Maman Mwamini kwenye kulabu, nikalikunja vizuri, nikapanda tramu mpaka Laeken. Ni koti zito la buluu, zawadi ya mwanawe. Nilibonyeza kengele ya ghorofa yake. Parlofoni, ile simu ya mlangoni, ikakwaruza.

"Nani?"

"Ni miye, Maman. Riziki. Nimekuletea koti yako."

Alikohoa muda mrefu kabla ya kujibu. "Uliitoa wapi?"

"Kule ku salle ya chama."

"Alors, uirudishe. Usiiache hapo inje, batoto banapita. Uirudishe fasi ulikamata."

"Maman, kuko baridi. Nifungulie basi nikuone."

"Sifungui. Pole, mutoto wangu. Sifungui."

Nilisimama pale na koti mikononi, watu wa jengo wakipita na mifuko yao ya sokoni. Nikamwuliza nimekosa nini. Nadhani nilimwuliza kwa hasira, maana miezi miwili nilikuwa nafagia chumba cha watu wasiokuja. Akaanza kusema taratibu, na mimi nikaweka sikio kwenye kile kisahani cha matundu.

"Nani alikufundisha kuita muntu mwenye alishakwenda? Kwetu muntu akikufa, tunaangusha nyumba yake, tunatoka, tunaenda mbali. Jina yake inalala. Ukiita, anafikiri tuko tunamutafuta. Anakuja. Na weye ulimuandika ku mulango, Riziki. Ku mulango! Kisha ukamuacha atuite, na ukamuitika."

Nilimwuliza kwa nini hawakuniambia.

"Bon, weye ni secrétaire. Umesoma. Tulisema atajua, ni mutoto wa kwetu. Kisha ulikuwa na furaha sana na ile kibao yako. Tukasema tumungoje atoke. Tuko tunakungoja."

Ndipo nikajua kwamba kila Jumamosi walikuwa wanakutana. Kwake, Laeken, kwenye sebule yake, na watoto, na chai, na nyimbo. Chama hakikufa. Chama kilihama, kama inavyopaswa, na katibu wake akabaki kwenye nyumba ya marehemu anapiga deki.

Aliniambia la kufanya. Jina litoke kila mahali. Vitu vyote vibaki ndani, nisichukue hata kijiko. Nifunge mlango, niende bila kugeuka, nisirudi tena.

"Na ile sauti yake," akamalizia, "uiue."

Nilirudisha koti la buluu kwenye kulabu yake. Ijumaa mchana nilifungua kibao, skrubu nne, nikakilaza kifudifudi sakafuni pamoja na picha. Nikabadilisha jina la kundi, nikafunga ile anwani ya barua pepe, nikapitia ripoti, nikapitia shajara hii, wiki baada ya wiki, nikifuta. Ni kazi ya ajabu kumfuta mtu uliyempenda. Nilikuwa nimemwandika mahali pengi kuliko nilivyokumbuka.

Zikabaki sauti thelathini na moja.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana mahali pengine sikuwa. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "futa" na hakikushuka. Nilifikiria miti ambayo hakuna mwingine anayejua majina yake. Nilifikiria wale watoto wakiwa na miaka hamsini, wakiuliza babu zao waliitaje nyuki, na mtu akiwajibu kulikuwa na rekodi lakini maman secrétaire alizifuta. Wakubwa wetu wanasema aachwe aende. Karatasi zangu zote zinasema ahifadhiwe. Mimi nilichagua karatasi. Kupitia kompyuta kuukuu ya chama nilihamisha sauti zote kwenye flashi, kitu kidogo kama ukucha, ndipo nikazifuta kwenye simu na kwenye kompyuta. Flashi nikaitia mfuko wa ndani wa koti langu, nikafunga mlango. Sikugeuka. Hiyo sehemu niliifuata vizuri.

Jana Jumamosi nilikwenda Laeken. Nikabonyeza kengele.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Maman."

"Haujabeba kitu?"

"Hapana."

"Na sauti?"

"Imekwisha."

Mlango ukafunguka.

Sijui niielezeje sebule ile. Viatu vimejaa kwenye korido, madirisha yana mvuke, sombe, kisamvu chetu, inanukia mpaka kwenye ngazi. Watu ishirini kwenye nafasi ya sita. Walinipokea kama mtu aliyetoka safari mbaya. Mmoja alinimwagia maji mikononi, mwingine akanipa bakuli, Tonton Déo kwa mkono wake mmoja mzima akanisogezea kiti. "Maman secrétaire amefika! Alors, tutaanza kuandika majina ya wenye banachelewa!" Nilicheka mpaka nikalia. Kulikuwa na kiti kitupu karibu na Maman Mwamini, na mtoto mmoja akaniambia kimekuwa changu kila Jumamosi.

Halafu watoto wakaimba, na walikuwa wanaujua mwito wa asali. Wanaujua wote, wanapanda pale pa kupanda na kushuka pale pa kushuka, bila rekodi, bila karatasi. Walijifunza kwa mdomo, wiki hizi hizi nilizokuwa nalinda chumba kitupu. Nilihisi ile flashi kifuani, na nikaona haya.

Maman Mwamini alikuwa amejifunga mablanketi mawili. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kuliko bakuli. Watoto walipofika mahali pa kuita majina alitaka kuita yeye, kwa furaha ya kunipata. Akaanza na jina langu. Halafu akanyamaza katikati, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akasikiliza. Watoto nao wakanyamaza. Kila mtu alitazama mlango uliofungwa.

"Riziki," akaniuliza kwa sauti ya chini, "umeingia na nani?"

"Miye tu, Maman."

Akanipigapiga mkono, akasema bon, tuendelee, na watoto wakaendelea. Nilikula, nilimaliza bakuli, niliomba la pili. Sikuonja chochote.

Leo asubuhi, nikiwa bado kitandani, Tonton Déo alinitumia sauti. "Maman secrétaire, bamepeleka Maman Mwamini ku hôpital. Kupumua kunamukatalia. Ile njia yote alikuwa anauliza kama ulifunga muzuri. Nimujibu nini?"

Nimeisikiliza mara nne. Sijamjibu.

Najua yule mama ana miaka zaidi ya sabini. Najua alitembea kwenye theluji bila koti, na aliyemfanya atembee hivyo ni mimi, haihitaji mzimu. Daktari atakuwa na jina la ugonjwa na jina hilo litakuwa sahihi. Yote hayo nayajua. Najua pia kwamba nilimdanganya mlangoni mwake, akanifungulia, nikaingiza ndani ya nyumba yake kitu alichonisihi nisilete. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Kwa hiyo nimerudi hapa, mahali nilipoahidi kutorudi. Nimemrudisha.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukaa na chumba hiki. Kesho saa nne asubuhi Madame anakuja na watu wa kundi lingine wanaotaka kukitumia kwa mazoezi ya dansi. Aliniambia kwa upole kwamba nikimwonyesha watu wetu wachache tu wamekaa wanakunywa chai, chumba kitabaki chetu. Wiki iliyopita hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu kubwa. Sasa naliona kama jambo la mtu mwingine.

Nilipofika nilifanya kosa moja la mwisho. Nilijiambia lazima nihakikishe flashi inafanya kazi, kisingizio cha katibu, nikaichomeka kwenye kompyuta na kufungua ule mwito. Nilitaka kumsikia mara moja tu. Akamwita Mwamini. Nikasikia kicheko chake cha mwaka jana, kifua kikiwa safi. Akamwita Déo. Akawaita wote, wakaitika wote. Halafu akasema "Riziki", na mimi nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Baada ya jina langu kuna kimya. Nimesikiliza rekodi hii mara nyingi mno na sikuwahi kugundua kimya hicho kina urefu gani. Mwito haumalizwi mpaka wa mwisho aitike, yeye mwenyewe alitufundisha. Unasikia vikombe. Unasikia mtoto akiuliza kitu. Unamsikia Mzee akivuta pumzi, akingoja, akivuta tena. Ananingoja mimi. Na mimi siku ile, katibu mwema, nimeshika simu na kunyamaza ili rekodi iwe safi. Rekodi inakwisha bado anangoja.

Jibu nilimpa siku ya arobaini yake.

Nimezima kompyuta. Makosa ya kuandika ni mengi, mnisamehe. Saa kumi inakaribia na kuna mwanga wa kutosha wa kutembea nao. Nitafanya hivi, na naandika ili nisipate nafasi ya kubadilisha. Flashi nimeirudisha kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, na koti nimelivua. Kuna kulabu moja tupu mwishoni mwa ule mstari. Nimelitundika pale.

Sasa ni makoti manane.

Atakayeikuta flashi labda ataitupa, labda ataisikiliza na hataelewa neno. Nililia kidogo, kwa ajili ya miti. Ufunguo nitautumbukiza kwenye sanduku la barua la Madame. Kutoka hapa nitakwenda hospitali kwa miguu, nikiwa na sweta tu, na nitasimama mlangoni mwa chumba cha Maman Mwamini nimwambie ukweli wote kabla hajaniruhusu kuingia. Akikataa nitakaa kwenye korido. Sitachapisha haya mpaka nifike kwenye kona, na nikifika kwenye kona sitageuka.

Nimetazama kile kiti mara moja tu tangu nianze kuandika. Ni kiti.

Kesho saa nne Madame atafungua mlango huu kwa ufunguo wake. Naomba akute makoti tu.